Imeili kwa Bunge: kisa cha developa aliyeshtakiwa kwa kuwasaidia watu kupinga Mswada wa Fedha

Nianze na mstari mmoja, manake kisa chote kinatokea hapo. Kwenye Mswada wa Fedha wa 2025 kulikuwa na sehemu inayosema kwamba Sheria ya Taratibu za Ushuru, kifungu cha 59A, kijifungu cha (1B) kifutwe. Basi, mstari umeisha, unapita kwa mwingine. Nilimsomea shangazi yangu anayeuza mboga na viazi Nakuru, akaniangalia akauliza, "Sasa hapo wamesema nini?" Swali zuri sana, kwa sababu ili ujue wamesema nini lazima utoke kwenye mswada, utafute hiyo sheria nyingine, uende hadi 59A, ushuke mpaka (1B), ndio ukute kwamba hapo ndipo palipoandikwa kuwa KRA, yaani mamlaka ya ushuru ya Kenya, haiwezi kumlazimisha mtu aipe siri zake za biashara wala data za kibinafsi za wateja wake. Ukishafuta hapo hakuna kizuizi tena. Shangazi hupokea pesa kwa till ya M-Pesa, na nilipomfafanulia hivyo alielewa mara moja, akaweka kisu chini akaacha kumenya viazi.

Mwezi huohuo wa Mei 2025 kuna dada mmoja wa Nairobi, developa wa programu za kompyuta, aliyefanya kazi hiyohiyo niliyomfanyia shangazi, ila yeye aliifanyia nchi nzima. Jina lake lilitajwa sana, mimi sitalirudia hapa, ameshabebeshwa mengi. Alitengeneza ukurasa mdogo kwa intaneti, vipengele vya mswada vinavyomsumbua akavieleza kwa lugha ya kawaida, mfano kwamba KRA itaweza kuingia kwa data zako bila amri ya korti, halafu ukitaka unabonyeza na barua yako ya kupinga inaenda kwa imeili hadi Bunge la Kitaifa. Huhitaji nauli ya kwenda Nairobi, huhitaji wakili, huhitaji kumjua mtu. Ijumaa tarehe 30 Mei polisi wakamkamata. Nyumba ikapekuliwa, vifaa vyake vya elektroniki vikabebwa. Akalala ndani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, na Jumanne tarehe 3 Juni ndio akafikishwa mahakama ya Milimani, akashtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, akaachiliwa kwa bondi ya shilingi 100,000. Tarehe 20 Juni hakimu akayakataa mashtaka, akasema jinsi yalivyoandikwa hayaonyeshi kosa lolote.

Watu walikiongelea hiki kisa siku chache halafu msiba mwingine ukaingia, wakasahau. Mimi sijasahau kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo tofauti kati yetu sisi vijana na serikali juu ya demokrasia imeonekana waziwazi namna hii. Hapa hapakuwa na jiwe, hapakuwa na tairi linalowaka barabarani, hapakuwa na duka lililovunjwa ambalo mtu angelionyesha kwa TV aseme ona mnachofanya. Kulikuwa na barua. Na bado mtu alilala seli siku nne.

Hebu tuangalie Katiba kwanza. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinasema Bunge lazima liwezeshe umma kushiriki katika kazi yake ya kutunga sheria na kazi za kamati zake. Neno ni kuwezesha, na mimi hilo neno nalichukulia kwa uzito wake wote. Halijasema Bunge litavumilia umma, wala kwamba litausikiliza likipata nafasi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Cha 33 ni uhuru wa kujieleza, cha 35 ni haki ya kupata habari, na cha 31 kinalinda faragha yako, habari za familia yako na mambo yako binafsi zisitakwe bila sababu. Kwa hivyo huyu dada alikuwa anatumia haki zake akizungumzia haki nyingine iliyokuwa inataka kuguswa na kale kamstari. Na Mahakama ya Juu yenyewe, kwenye kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT iliyoamuliwa 2019, ilishasema ushirikishwaji wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba tu.

Sasa ushirikishwaji wenyewe unavyokuwa mashinani, wacha niwaambie nilichokiona. Kuna kikao nilihudhuria kwenye county moja, sitaitaja, ilikuwa ni ya bajeti. Tulikuwa kama watu mia moja kwenye ukumbi, viti vya plastiki, maikrofoni inakatakata, nakala za hati yenyewe zilikuwa tatu na zote zilikuwa mbele kwenye meza ya wakubwa. Mlangoni unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unatia sahihi, ndio unapewa soda. Mama mmoja mzee alisimama akauliza juu ya barabara ya kwenda zahanati, akaeleza vizuri kabisa jinsi mvua ikinyesha mgonjwa anabebwa kwa wheelbaro, ofisa akamjibu, "Tumeinote mama, asante, next." Dakika mbili zake zikaisha. Nina hakika kabisa kwamba kitu kilichotunzwa vizuri siku ile ni ile orodha ya sahihi, kwa sababu hiyo ndiyo ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Mama alijibiwa kwa heshima, sikatai, lakini hakuna aliyeandika alichosema, mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili na nilikuwa naangalia kalamu.

Ukishakaa kwenye kikao kama hicho ndio unaelewa kwa nini ukurasa wa yule developa uliwagusa watu. Alifanya kazi ya kuwezesha. Alichukua lugha ya "futa aya ya (b) na badala yake weka" akaigeuza ikawa maneno ambayo muuza viazi anaweza kukasirikia. Mambo kama bidhaa kuhamishwa kutoka kiwango sifuri cha VAT kwenda kwenye orodha ya zilizosamehewa, ukisikia hivyo unadhani ni kitu kizuri, zimesamehewa si ndio, kumbe zikiwa kiwango sifuri mtengenezaji anarudishiwa VAT aliyolipa kwa malighafi, na zikiwa zimesamehewa harudishiwi, sasa hiyo gharama ataipeleka wapi kama si kwa bei unayolipa wewe dukani. Mswada ulikuwa unapendekeza hivyo kwa simu zinazounganishwa humu nchini, baiskeli za umeme, betri za sola. Nani angekueleza hayo? Bunge lina wafanyakazi, lina bajeti, lina tovuti, lingeweza kutoa maelezo kama hayo kwa Kiswahili kila mwaka. Alifanya mtu mmoja na laptopu yake.

Tuje kwa shtaka lenyewe. Karatasi ya mashtaka ilisema kwamba tarehe 19 Mei aliunda programu iliyowezesha kutumwa kwa imeili nyingi za spamu kwa anwani ya kamati ya fedha, kwa nia ya kuingilia utendakazi wa mfumo wa kamati. Kosa hilo la kuingilia mfumo bila idhini liko kwenye kifungu cha 16 cha ile sheria ya 2018, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Soma tena hayo maneno, bila idhini. Kamati ya Bunge ndiyo ilitangaza kwamba wananchi walete maoni. Sasa ukinipa anwani ukaniambia niandikie, nikakuandikia, idhini gani nyingine nilikuwa nahitaji? Na kama tulikuja wengi, si ndio maana uliita umma? Hiyo sheria ilitungwa kwa ajili ya mtu anayevunja mfumo aibe pesa au afute rekodi, na mtu wa namna hiyo akamatwe, hakuna anayepinga. Lakini kumwekea mwananchi aliyerahisisha barua kifungu hichohicho ni kusema kwamba sauti za watu wengi zikifika kwa wakati mmoja ni shambulio. Hilo neno spamu ndilo liliniuma kuliko mengine yote kwenye karatasi ile. Spamu ni tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Maoni ya raia juu ya ushuru wake unayaitaje spamu?

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo sitaki kuiruka. Karani wa kamati akipokea barua elfu moja zinazofanana neno kwa neno, ile memoranda moja ya wahasibu yenye hesabu za maana inaweza kupotea humo katikati, na ni kweli pia kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchukua chombo kama hicho akatuma kwa majina ya uongo. Nakubali yote mawili. Ila barua zinazofanana ni kitu cha zamani kuliko kompyuta, ombi lenye maandishi mamoja na sahihi elfu limekuwa likipelekwa kwa watawala tangu siku za ukoloni na hakuna anayeliita uvamizi, unahesabu sahihi unajua uzito wa jambo. Folda moja kwenye imeili ingetosha. Na kuhusu majina ya uongo, mkamate aliyetuma kwa jina la uongo, umshtaki kwa hilo, uthibitishe.

Halafu ile Ijumaa. Hii Kenya tuna msemo wa "kamata kamata Friday", ulishika sana miaka ya 2018 wakati wakubwa walikuwa wanakamatwa kwa ufisadi, na tulicheka wakati huo kwa sababu aliyekamatwa alikuwa gavana, leo naona tulifanya makosa kucheka. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu afikishwe kortini kabla saa 24 hazijaisha, lakini kama saa hizo zinaisha wakati korti imefungwa, basi asubiri hadi siku ya korti inayofuata. Ukimkamata mtu Ijumaa umepata wikendi nzima. Na hiyo haikuwa wikendi ya kawaida, tarehe 1 Juni ilikuwa Jumapili, ni Madaraka Dei, kwa hivyo Jumatatu ikawa sikukuu pia. Siku ile taifa limekusanyika Homa Bay kusherehekea kwamba 1963 tulianza kujitawala wenyewe, kuna raia amefungiwa seli kwa sababu aliwaambia raia wenzake waliandikie Bunge lao. Inawezekana kila dakika ya hizo siku nne ilikuwa ndani ya sheria, sibishani na hilo, lakini adhabu ilishatolewa kabla hakimu hajaona karatasi, na hakuna hakimu anayeweza kuzirudisha hizo siku.

Ili uelewe kwa nini serikali iliogopa imeili, inabidi urudi nyuma mwaka mmoja. Juni 2024 ilianza vilevile, watu kusoma mswada. Watu husahau hilo kwa sababu ya kilichofuata. Kabla mtu yeyote hajaingia barabarani kulikuwa na wiki nzima za vijana kwenye TikTok wakiuelezea Mswada wa Fedha wa 2024 kwa lugha za nyumbani, Kikalenjin, Kijaluo, Kikamba, wengine wakaueleza kwa lugha ya ishara, wengine wakatengeneza chatboti ya kuuliza kifungu gani kinasema nini. Serikali ilikuwa inatafuta kama shilingi bilioni 346 zaidi, kulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 2.5 wa thamani ya gari kila mwaka. Tarehe 18 Juni baadhi ya hayo yakaondolewa, lakini tarehe 25 wabunge 195 wakapitisha mswada, 106 wakakataa, na siku hiyohiyo watu wakaingia Bunge na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 60 waliouawa kwenye maandamano ya mwaka huo, na kufikia Desemba ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa. Ndio maana nasema kwa serikali, mtu anayewaeleza wengine mswada kwa lugha rahisi ameshaanza kuonekana kama mwanzo wa 25 Juni nyingine.

Kwetu sisi funzo lilikuwa kinyume kabisa. Sisi tulisema sawa, barabarani watu wanauawa, basi tuandike. Hata kuandamana kwenyewe, kifungu cha 37 kinaturuhusu bila kuomba ruhusa, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka tu taarifa, siku 3 mpaka 14 kabla, lakini Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi wakisema hayana kiongozi, korti ikasimamisha hiyo amri kesho yake. Sasa tukiandamana bila kiongozi tunaambiwa tunakosa kiongozi wa kuongea naye, na mtu mmoja akijitokeza kwa jina lake akasema hiki chombo nimekitengeneza mimi, anabebwa Ijumaa. Niambieni, ni mlango gani umebaki ambao kijana anaweza kupita akaambiwa karibu.

Wengine hutuita maliberali, na hapa kwetu hilo neno mara nyingi husemwa kama tusi, kama kwamba haya mambo ya haki tumeyakopa kwa Wazungu. Mimi sioni tumekopa. Katiba ya 2010 ilipigiwa kura na Wakenya, wazazi wetu ndio walisimama kwenye foleni asubuhi na mapema, mimi nilimsindikiza mamangu. Tunachoamini ni kwamba kura ya kila miaka mitano haimpi mtu ruhusa ya kukunyamazisha miaka mitano, kwamba kati ya kura na kura kuna kazi ya kufanya na hiyo kazi ni ya raia, na kwamba polisi hana shughuli yoyote katikati ya mimi na mbunge wangu. Na tunaamini hayo hata kwa mtu tusiyekubaliana naye, kama kuna mtu angetengeneza ukurasa wa kuwasaidia watu kuunga mkono mswada ningemtetea vilevile.

Na si Kenya peke yake, hili mnalijua majirani. Wiki hizohizo za Mei, Martha Karua, wakili na mwanasiasa wetu, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam alipokuwa anaenda kuangalia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, Willy Mutunga, jaji mkuu wetu wa zamani, naye akarudishwa, na wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya pamoja na Agather Atuhaire wa Uganda wakakamatwa hukohuko Dar, wakaja kupatikana siku kadhaa baadaye mipakani, mmoja upande wa Kwale mwingine Mutukula, na wote wawili walisema waliteswa. Uganda sheria yao ya kompyuta ilitumika kwa watu walioandika tu, mpaka Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha 25. Vijana wa nchi hizi tatu tunaandikiana kila siku na unashangaa jinsi tunavyosimulia kitu kimoja kwa lafudhi tofauti, mtandao, sheria ya mtandao, gari lisilo na namba.

Siku tano baada ya developa kutoka kwa bondi, tarehe 8 Juni, mwalimu na bloga kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu mkubwa wa polisi alikufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Waliambia nchi kwamba alijigonga kichwa ukutani, daktari wa serikali aliyeupasua mwili akakuta shingo imebanwa na majeraha ambayo mtu hajifanyii. Kila nikifikiria zile siku nne za seli nafikiria pia hilo, kwamba yule dada alitoka hai na hilo kwa sasa tunalihesabu kuwa bahati.

Matokeo ya mswada? Kamati ya fedha ilikataa pendekezo la kufuta 59A (1B). Yaani kile kitu alichokuwa anawaambia watu wakipinge, Bunge lenyewe mwishowe lilikubali kwamba hakifai. Tarehe 19 Juni wabunge wakaupitisha mswada bila kipengele hicho, tarehe 20 hakimu wa Milimani akayatupa mashtaka, tarehe 26 Rais akatia sahihi. Ukipanga hizo tarehe unaona kwamba wakati hoja yake inasomwa ndani ya Bunge na kukubaliwa, yeye mwenyewe bado alikuwa mshtakiwa, nafikiri hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi na ndiyo inayosemwa kidogo zaidi. Hakuna aliyesimama bungeni kumwambia asante, wala pole.

Shangazi naye alikuwa ameandika barua yake. Ukurasa mmoja wa daftari la hesabu zake, kwa Kiswahili, juu ya till na wateja wake, mama wanaonunua kwa deni na wasiotaka mtu ajue, na chini akaweka jina lake lote na nambari ya kitambulisho kama nilivyomwambia. Ilikuwa nimpigie picha niitume. Jumamosi ile ya tarehe 31 akasikia kwa redio kwamba kuna mtu amekamatwa kwa mambo ya imeili za Bunge, akanipigia simu saa hiyohiyo akasema nisitume chochote. Baada ya kesi kutupwa nilienda kumweleza kwamba mahakama imesema halikuwa kosa, nikidhani atafurahi. Akaniuliza, "Na hizo siku nne alizolala huko, amerudishiwa na nani?" Barua bado niko nayo, maneno yote yako palepale, ila kwenye jina na nambari amepaka wino mpaka karatasi ikatoboka.